Maswali ya Wasomaji: Kazi kwenye Kampuni Kubwa ya Programu za Hospitali

Barua zimekuwa nyingi mwezi huu, na karibu zote zinazunguka jambo moja: vijana wetu wanaoajiriwa Verona, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Huko ndiko makao ya Epic, ambayo programu zake za kutunza rekodi za wagonjwa zinatumika katika hospitali nyingi kubwa za Marekani na kadhaa za Ulaya. Tumechagua barua saba. Majibu mengi yanafaa kwa kazi hii popote ifanyikapo, maana Oracle Health, iliyokuwa ikiitwa Cerner, na MEDITECH nao wana usiku uleule wa kuwasha mfumo na printa zilezile zinazogoma.

Wanangu wa gazeti, hamjambo? Kijana wangu amemaliza shahada ya biolojia huko Minnesota, sasa ameitwa usaili na Epic. Anasema kazi ni ya kusimamia utekelezaji. Kompyuta hakusomea. Kampuni ya kompyuta inamtakia nini mtu wa biolojia? Naogopa anatapeliwa. — Mama, Tanga

Hatujambo mama, shikamoo. Kampuni ni ya kweli. Ilianzishwa mwaka 1979 na Judith Faulkner mjini Madison, ikahamia Verona mwaka 2005, na leo ina wafanyakazi zaidi ya 10,000. Ila matapeli hupenda kuvaa majina ya kampuni za kweli, kwa hiyo mwambie kijana: mwajiri wa haki hamdai mwombaji kazi hata senti, iwe ya fomu, ya kompyuta au ya viza. Akidaiwa, hapo hapana kazi.

Kuhusu biolojia, kazi za kampuni hizi zina mafungu manne makubwa. Wapo wasanidi wanaoandika programu. Wapo wahakiki wanaoijaribu wakitafuta itakapovunjikia. Wapo watu wa huduma za kiufundi, ambao kila mmoja hukabidhiwa hospitali zake, na zikikwama simu inamlilia yeye. Na wapo wasimamizi wa utekelezaji, wanaokaa na hospitali iliyonunua mfumo mpaka mfumo ukafanana na kazi ya hospitali hiyo. Fungu hili la mwisho huchukua watu wa biolojia, historia, hata muziki, kwa sababu sehemu kubwa ya siku yao ni kuuliza, kusikiliza na kuandika.

Chukua mfano huu. Daktari ameagiza dawa ya mara mbili kwa siku. Hospitali ina saa zake za kugawa dawa, tuseme saa 3 asubuhi na saa 3 usiku. Agizo limeingia saa 1 usiku. Je, mfumo utoe dozi ya kwanza papo hapo, halafu nyingine saa 3? Mgonjwa atakuwa amemeza dozi mbili ndani ya saa mbili. Usubiri saa 3? Kwa vidonge vya vitamini haina neno. Kwa antibayotiki ya mgonjwa mahututi, saa mbili ni nyingi mno. Ipo njia ya tatu: toa sasa, na dozi ya pili irukwe hadi asubuhi iwapo muda uliobaki ni mfupi kuliko saa kadhaa. Saa ngapi hizo, na kwa dawa zipi? Kompyuta haijui. Mfamasia anajua, ila hajawahi kuulizwa, maana miaka yote nesi wa zamu aliamua mwenyewe. Kijana wako atalitoa jibu hilo kwa mfamasia, alipatie sahihi ya mwenye mamlaka, kisha ahakikishe limeingia kwenye mfumo vilevile lilivyosemwa. Mtu aliyesoma biolojia kwa bidii anaiweza kazi hiyo, na huifanya vizuri kuliko mwanakompyuta asiyejua antibayotiki ni nini.

Kabla ya kuajiriwa atafanya mtihani: hesabu na mantiki za harakaharaka, pamoja na maelezo ya lugha ya programu ya kubuniwa anayotakiwa kuielewa hapohapo. Wanataka kuona anavyokamata kitu kigeni. Ajizoeze hesabu za kichwa wiki mbili tatu.

Na aulize mapema habari ya kibali. Mwenye viza ya mwanafunzi hupata miezi 12 ya kufanya kazi baada ya shahada, na biolojia imo katika fani zinazoongezewa miezi 24. Lakini kazi sharti ihusiane na masomo yake, na maelezo ya uhusiano huo hutakiwa kwa maandishi. Aanzie ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Baada ya hapo ni bahati nasibu ya viza ya kazi iitwayo H-1B, nafasi 65,000 kwa mwaka na 20,000 za ziada kwa wenye shahada ya uzamili ya Marekani, ambayo usajili wake hufanyika Machi. Asisaini mkataba bila kupata jibu la maandishi kama mwajiri atamwombea.

Nimezoea lugha za programu za Python na SQL. Nasikia ndani ya mifumo hii kuna lugha ya miaka ya sitini. Si ndiyo kujizika kitaaluma huko? — Msanidi, Nairobi

Lugha hiyo ni MUMPS. Ilizaliwa kati ya 1966 na 1967 katika Massachusetts General Hospital, Boston, kwa ajili ya rekodi za wagonjwa hasa, na ndiyo sababu haijafa. Lugha na kanzidata ni kitu kimoja. Ukiandika

SET ^MGONJWA(70412,"MZIO",1)="PENISILINI"

basi mzio huo tayari uko kwenye diski na kila mtumiaji anauona. Kile kialama ^ mbele ya jina ndicho kinachosema data ikae daima. Hujatengeneza jedwali wala hujatangaza aina ya data. Data inakaa kama mti: mgonjwa mwenye mizio 12 ana majani 12, asiye na mzio hana hata moja wala hachukui nafasi. Rekodi za wagonjwa ndivyo zilivyo, maelfu ya vipengele vinavyowezekana na kila mtu akiwa na vichache tu.

Sasa mitego. Wa kwanza umekwisha wakwamisha wengi waliotoka kwenye lugha nyingine: MUMPS huhesabu kutoka kushoto kwenda kulia, haiheshimu kuzidisha kabla ya kujumlisha. Dozi ya kuanzia miligramu 500, ikifuatwa na mbili za 250, wewe utaandika 500+250*2 ukitegemea 1,000. MUMPS itakupa 1,500. Weka mabano hata pale unapodhani hayahitajiki. Wa pili ni nafasi kati ya maneno: amri isiyo na kitu mbele yake, kama QUIT tupu, hufuatwa na nafasi mbili kabla ya amri nyingine kwenye mstari uleule. Ukiweka moja, kilichofuata kinasomwa kuwa ni sehemu ya amri ile. Wa tatu ni tarehe. Saa ya MUMPS huhesabu siku tangu 31 Desemba 1840, hivyo 1 Januari 1970 ni siku ya 47117. Mwaka huo ulichaguliwa kwa sababu mbunifu wake alikumbuka kusoma habari za mzee wa miaka 121 aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akaona mfumo wa hospitali lazima uweze kuandika tarehe ya kuzaliwa ya mtu kama huyo. Sisi tunaipenda sana sababu hiyo.

Utakutana pia na msimbo wa programu wa kale uliofupishwa, S badala ya SET, W badala ya WRITE, Q badala ya QUIT, mstari mmoja ukibeba amri saba. Baada ya miezi mitatu jicho linazoea.

Kuhusu kujizika: sura ya mbele ya programu hizi siku hizi inaandikwa kwa C# na TypeScript, kwa hiyo hutatengwa na dunia. Hatari iko kwa anayekubali kukaa miaka mitano upande wa nyuma peke yake. Omba kazi zinazogusa pande zote mbili, na SQL usiisahau, kwa sababu kila usiku data hunakiliwa kwenda kwenye kanzidata za majedwali kwa ajili ya ripoti.

Mimi ni nesi, nimepata kazi Ohio kwenye timu ya kuwasha mfumo mpya hospitalini. Nieleze usiku wenyewe unakuwaje, na nini huharibika. — Dada wa Mombasa

Hongera dada. Wewe utafaa kuliko wengi.

Usiku wa kuwasha hutanguliwa na mwaka mmoja au zaidi wa maandalizi. Yanayokuhusu zaidi ni haya mawili. La kwanza, mazoezi ya vifaa, ambayo hufanyika wiki kadhaa kabla: watu wanatembea hospitali nzima, kompyuta moja baada ya nyingine, wakichapisha kila aina ya karatasi na lebo. La pili, uhamisho wa miadi: kila mgonjwa mwenye miadi ya baada ya siku ya kuwasha anaandikwa upya kwenye mfumo mpya, kwa mkono au kwa programu, kisha mtu mwingine anakagua.

Usiku wenyewe, mfumo wa zamani unafungwa kuandikwa, unabaki wa kusomwa. Wafamasia na manesi wanaingiza upya dawa za kila aliyelazwa, wawili wawili, mmoja anaandika na mwenzake anasoma kwa sauti kutoka rekodi ya zamani. Saa ya kuwasha huwa kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri, kwa sababu wodi zimetulia na dawa za saa 3 asubuhi bado hazijafika. Chumba kikubwa kinageuzwa kituo cha amri, meza kwa meza: maabara, dawa, upasuaji, mapokezi, malipo. Kila tatizo linaandikiwa tiketi, na kila baada ya saa chache wakuu wa meza wanasomeana hali.

Nini huharibika? Siku tatu za kwanza, ruhusa na printa. Nesi anaingia akakuta ana ruhusa za karani, kwa sababu idara yake iliandikwa vibaya kwenye orodha ya wafanyakazi. Hilo hurekebishwa kwa dakika. Printa ni taabu zaidi. Mfumo haujui printa iliyo karibu na wewe. Unajua jina la kompyuta yako na printa iliyofungamanishwa na jina hilo. Fundi akibadilisha kompyuta iliyoharibika, ile mpya ikaitwa WODI4-PC7 badala ya WODI4-PC07, mfumo hauitambui, na lebo inakwenda kwenye printa ya akiba, pengine orofa nyingine. Wewe umeshika kichupa cha damu kisicho na jina. Ushauri wetu hapo haubadiliki: kichupa hakitoki kando ya kitanda bila lebo, hata kama lebo ya kwanza itaandikwa kwa kalamu. Vichupa viwili vya damu visivyo na majina kwenye trei moja ni hatari kuliko kompyuta kumi zilizozimika.

Kuanzia siku ya nne yanatokea matatizo ya mtiririko wa kazi, na hayo hayapigi kelele. Agizo limetumwa, aliyetuma anaona limekwenda, lakini upande wa pili hakuna anayelipokea. Mfano unaojulikana sana ni wa hospitali ya maveterani, yaani wanajeshi wastaafu, ya Mann-Grandstaff, Spokane, iliyowasha mfumo wa Cerner Oktoba 2020. Maagizo ambayo mfumo haukutambua yapelekwe wapi yaliingia kwenye foleni isiyojulikana, na madaktari hawakuambiwa. Mkaguzi wa idara ya maveterani aliripoti Julai 2022 kwamba maagizo zaidi ya 11,000 yalikwenda huko na wagonjwa 149 walipata madhara. Epic nayo ina somo lake: katika St. Olavs, hospitali ya Trondheim, Norwei, iliyowasha Novemba 2022, maelfu ya barua za wagonjwa na madaktari zilikutwa baadaye hazijatumwa. Kisa cha Spokane kinatufunza kwamba kila agizo lisilopata mpokeaji sharti litue mahali ambapo mtu mwenye jina amepewa kazi ya kuliangalia kila siku. Ukifika Ohio, uliza: foleni ya makosa ya wodi hii inaangaliwa na nani, na saa ngapi? Ukijibiwa kwa kuinuliwa mabega, fungua tiketi hapohapo.

Kazi yako mwenyewe: simama ubavuni mwa nesi, usishike kipanya chake. Ukimfanyia, kesho atakuita tena. Tatizo likitokea andika saa, jina la kompyuta, jina la mtumiaji, namba ya mgonjwa, alichotegemea kuona na alichoona. Tiketi yenye maneno "haifanyi kazi" hukaa chini ya rundo. Picha ya skrini yenye jina la mgonjwa usiitume kwa simu yako, hata kama mkuu wako ndiye anayeiomba.

Wiki ya pili ndiyo tunayoihofia zaidi. Wasaidizi wanaondoka, uchovu umeingia, na watu wanaanza njia za mkato. Ile mbaya kupita zote: mkanda wa mgonjwa hausomeki vizuri na skana, basi nesi anachapisha lebo za bakodi za wagonjwa wote na kuzibandika kwenye karatasi juu ya toroli. Skana inalia, skrini inaonyesha kijani, na mgonjwa hajaguswa. Ukiiona karatasi hiyo, usimgombeze aliyeibandika. Tafuta kwa nini mkanda hausomeki. Mara nyingi ni wino hafifu, au mkanda umezunguka kifundo chembamba na bakodi ikapinda. Kwa watoto wachanga bakodi ichapishwe ndogo, ya mraba.

Binamu yangu anafanya kazi kwenye kampuni hizo. Anaweza kuniangalizia majibu yangu ya vipimo, maana daktari anachelewa? — Msomaji, Texas

Hapana, na usimwombe. Kazi yake ya kila siku kwa kawaida hufanyika kwenye mazingira ya majaribio yenye wagonjwa wa kubuni. Pale anapolazimika kuingia kwenye mfumo halisi wa hospitali kutatua tatizo, kila ukurasa anaoufungua unaandikwa kwenye kumbukumbu: nani, saa ngapi, rekodi ya nani. Baadhi ya rekodi zina kizuizi cha ziada, mtu analazimika kuandika sababu kabla ya kufunguliwa. HIPAA, sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inayolinda siri za wagonjwa, haitambui sababu ya ubinamu, na watu hupoteza kazi kwa kufungua rekodi moja. Fungua akaunti yako ya mgonjwa kwenye tovuti ya hospitali. Tangu Aprili 2021 kanuni za Marekani zinazitaka hospitali zisizuie majibu bila sababu maalumu, kwa hiyo mengi yanafika kwako hata kabla daktari hajayasoma.

Wenzangu wananiambia wengi huondoka mwaka wa pili au wa tatu. Nisome nini kwenye mkataba kabla ya kusaini? — Kijana, Madison

Wanaoondoka huondolewa zaidi na idadi ya hospitali walizobebeshwa na safari kuliko na ugumu wa kompyuta. Kwa hiyo kwenye usaili uliza namba. Mtu wa nafasi hii hubeba hospitali ngapi kwa wakati mmoja? Anasafiri mara ngapi kwa mwezi, na siku ngapi kila safari? Zamu ya simu za usiku inamfikia kila baada ya wiki ngapi? Kuna miradi mingapi inayowashwa mwaka huu kwenye timu hiyo? Mshahara wa mwanzo unaweza kukupendeza, lakini ugawanye kwa saa 55 kwa wiki uone unabaki nini. Mtu wa utekelezaji anaondoka nyumbani Jumatatu alfajiri, anarudi Alhamisi usiku, na mikutano iliyompita inamsubiri Ijumaa.

Kwenye mkataba kuna vifungu vitatu vya kusoma polepole. Kwanza, hadhi yako kuhusu saa za ziada: ukiandikwa kuwa hustahili malipo ya ziada, saa ya 60 inalipwa sifuri. Pili, kifungu cha kupeleka migogoro kwa usuluhishi, mmoja mmoja. Kesi iliyoamua jambo hilo kwa Marekani nzima inabeba jina la Epic yenyewe: Mei 2018 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba mwajiri anaweza kuwazuia wafanyakazi kushtaki kwa pamoja kama walisaini usuluhishi. Sisi tunaona uamuzi huo ulimnyima mfanyakazi mdogo ngao yake kubwa, maana dai la dola 2,000 hakuna wakili atakayelishika peke yake. Lakini ndiyo sheria, na sahihi yako ina uzito. Tatu, kifungu cha kutofanya kazi kwa washindani, wateja au kampuni za ushauri kwa muda baada ya kuondoka. Hicho kinakuumiza hasa ukiwa na viza, kwa sababu ukiacha kazi una siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine, na waajiri wanaoujua ujuzi wako ndio haohao ulioambiwa usiwaguse. Lipa wakili wa kazi saa moja akusomee.

Kuna mazuri, na tuyataje. Epic inajulikana kwa likizo ya wiki nne yenye malipo kila baada ya miaka mitano. Afya yako na ya familia inalindwa kwa bima nzuri. Majengo yenyewe watu huja kuyatembelea. Ukumbi wa Deep Space, uliochimbwa ardhini, una viti zaidi ya 11,000. Kazi hufanyika ofisini, kwa hiyo hesabu kodi ya nyumba ya Madison na gari lenye matairi ya theluji, maana Januari ya Wisconsin hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri.

Niko mapokezi ya kliniki Minneapolis. Wagonjwa wengi ni Wasomali, Wabajuni na Wakongo, na kila wa pili amezaliwa 1 Januari. Mfumo unatuletea majina yanayofanana mpaka tunachanganya. Waliotengeneza hawakufikiri? — Karani

Walifikiri, ila walimfikiria mtu mwenye jina la ukoo na cheti cha kuzaliwa. Programu ya kutambua wagonjwa hutoa alama: jina la ukoo likilingana alama kadhaa, tarehe ya kuzaliwa alama nyingi, jinsia, simu, anwani. Tarehe ina uzito mkubwa kwa kuwa kwa kawaida ni watu wachache wenye jina moja na siku moja. Kwenye kambi za wakimbizi, karani akikosa tarehe aliandika 1 Januari. Sasa kina Mohamed Ali Hassan wako sita, wote 01/01/1985, wanakaa mitaa ya jirani, na wawili wanatumia simu ya shangazi mmoja. Programu inawaona karibu mtu mmoja.

Kosa baya ni kuandika taarifa za huyu kwenye faili la yule. Dawa, mizio na damu vinachanganyika, na kuvitenganisha huchukua siku, kwa sababu nakala zimekwisha kwenda maabara, bima na hospitali nyingine. Kwa hiyo mwache mgonjwa aseme mwenyewe jina lake lote na mwaka, usimsomee akaitikia. Muulize jina la mama, na anwani ya zamani. Jina la kati liandikwe kamili, si herufi moja. Namna nyingine ya kuandika jina, Mohamed na Maxamed, iwekwe kwenye sehemu ya majina mengine, usifungue faili jipya. Tarehe usiisahihishe kwa maneno matupu, maana bima na hati za uhamiaji zinaitegemea ile iliyoandikwa. Na ukikuta mafaili mawili yanayofanana, usiyaunganishe mwenyewe. Wapelekee watu wa rekodi.

Kisha mwambie msimamizi wako aombe kampuni ipunguze uzito wa 1 Januari kwenye alama hizo. Uzito huo hurekebishika, na hospitali zinazohudumia wakimbizi zina haki ya kuliomba hilo. Ukiwa hapo, angalia pia sehemu ya lugha: Mkongo wa Bukavu na Mbajuni wote wataandikwa Kiswahili, lakini mkalimani wa mmoja anaweza asimfae mwenzake. Andika nchi kwenye maelezo ya miadi.

Nimefanya kazi miaka minne na OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, huko Eldoret. Uzoefu huo una thamani huko? — Fundi

Unayo, tena kubwa, ukijua kuueleza. OpenMRS ilianza mwaka 2004 na Eldoret ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuitumia. Usiandike kwenye wasifu "nilisimamia mfumo". Andika kwamba unajua jedwali la obs, ambapo kila kipimo ni mstari wenye mtu, dhana na thamani. Kwamba uzito wa kilo ni dhana namba 5089 kwenye kamusi ya CIEL na hesabu ya CD4 ni 5497. Na ueleze ulivyofanya kliniki mbili zilipoandika kipimo kimoja kwa dhana tofauti. Tatizo hilo ndilo hilo wanalohangaika nalo Wisconsin, kwa namba nyingine. Kama umewahi kupokea majibu ya maabara kwa ujumbe wa HL7, kiwango ambacho mifumo ya hospitali hutumia kupelekeana data, taja sehemu ya OBX inayobeba jibu la kipimo, na kosa ulilolitatua, kwa mfano maabara kutuma gramu kwa lita wakati mfumo unangoja gramu kwa desilita, na hemoglobini ya 11 ikasomeka 110. Maelezo ya namna hiyo yatakutofautisha na waombaji wengi wasiowahi kuona kosa likimfikia mgonjwa.